Kiangazi cha London kimeniteka

Jamani, najua nimepotea. Hiki ni kiangazi changu cha kwanza London, na sikujua mchana unaweza kuwa mrefu hivi. Mwezi wa Juni jua lilikuwa likizama saa 3 na dakika 20 hivi usiku! Natoka kazini saa 12 jioni nikiwa hoi, nje bado kweupe, na simu ina ujumbe tayari: "Uko wapi? Tuko Primrose Hill, njoo."

Basi naenda. Treni ya chini ya ardhi inachemka kama tanuri, watu wamebanana, kila mmoja anajipepea na alichonacho. Lakini ukifika kile kilima, ukavua viatu na kukanyaga nyasi zilizokauka, jiji zima liko mbele yako, taa zinawaka moja moja. Tunakaa hapo, wageni kutoka kila pembe ya dunia, mpaka tunaanza kukimbilia treni ya mwisho.

Usingizi sina. Kazi nazo zimerundikana kwa sababu nusu ya ofisi iko likizo. Lakini hawa watu nimewapenda kweli. Jumatatu ya mwisho ya Agosti tunakwenda kanivali ya Notting Hill, wote 11.