Thorong La, na siku niliyotaka kuikataa

Kila asubuhi kabla ya chai kiongozi wetu alikuwa na swali moja tu: "Kichwa?" Tulimwita Dai, neno ambalo Wanepali humwitia kaka mkubwa, na kwa kuwa alikuwa amevuka Thorong La, kipito cha juu katika milima ya Nepal, mara nyingi tangu ujana wake, hakuhitaji kutuuliza mengine. Asubuhi sita za mwanzo nilimjibu ukweli. Asubuhi ya saba nilimdanganya, na nimeona niandike habari za safari yetu ya kuizunguka safu ya milima ya Annapurna kwa sababu ya asubuhi hiyo.

Tulianza Oktoba, mvua za monsuni zikiwa zimekwisha na anga limetakata. Kibali cha kuingia Hifadhi ya Annapurna kilikuwa rupia 3,000 kwa mgeni, na kiongozi tulikuwa naye kwa sababu tangu Aprili 2023 Nepal imewataka wageni wanaotembea katika njia za aina hii wawe na kiongozi mwenye leseni. Nilipoisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza niliiona ni usumbufu, lakini sasa ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Kutoka Besisahar, iliyo chini ya mita 1,000, tulipanda gari kwa siku nzima katika barabara iliyochongwa ubavuni mwa miamba juu ya mto Marsyangdi, tukashukia Chame, mita 2,670. Barabara imewasaidia sana wenyeji kufikisha wagonjwa na mazao mjini, na siwezi kuwalaumu kwa hilo, ila msafiri anayepanda gari hukosa sehemu ya chini ya bonde, yenye matuta ya mpunga na maporomoko ya maji, na mwili wake hupandishwa kabla haujajua kwamba unapanda.

Kuanzia Chame tulitembea kwa miguu. Bonde lilikuwa jembamba, limejaa misonobari, na mto ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu huko juu. Upande wa pili wa mto ulisimama Paungda Danda, ukuta wa mwamba laini uliopinda kama ubavu wa jahazi, na kila tulipodhani tumeupita tuliuona tena nyuma yetu. Tulilala Pisang ya Juu, na jioni ile mawingu yalipofunguka tuliiona Annapurna ya Pili, mita 7,937, ikiwa karibu mno kiasi kwamba nilirudi nyuma hatua moja bila kukusudia.

Kutoka Pisang kuna njia mbili za kufika Manang. Ya chini hufuata mto, nayo ni rahisi. Ya juu hupitia vijiji vya Ghyaru na Ngawal, na mpando wake wa kwanza ni mkali, kona baada ya kona, karibu mita mia nne bila mahali pa kupumzikia. Dai alituchagulia ya juu. Alieleza kwamba anayelala Ngawal, kwenye mita 3,660 hivi, kisha akashuka kulala Manang, mita 3,540, huupa mwili wake nafasi ya kuzoea. Kabla ya Ghyaru tulikuta ukuta wa mani, mawe yaliyochongwa sala za Kibudha na kupangwa kwa safu ndefu katikati ya njia. Desturi ni kuupita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia. Mpagazi wetu, aliyebeba mzigo kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, ambao Wanepali huuita namlo, aliuzunguka kwa upande huo ingawa upande wa pili ulikuwa mfupi na hauna matope.

Upande huo wa milima ni mkavu. Safu ya Annapurna huzuia mawingu ya monsuni yanayotoka kusini, hivyo Manang imo katika kivuli cha mvua, na nyumba zake za mawe zina paa bapa ambalo kwa jirani wa juu huwa ni ua. Kuni hupangwa kuzunguka ukingo wa paa kwa unadhifu unaoonyesha thamani yake mahali ambapo miti inakaribia kwisha. Ng'ambo ya mto, chini ya mlima Gangapurna, kuna ziwa la kijani lililojazwa na maji ya mto wa barafu. Tulilala Manang mara mbili, na siku iliyokuwa katikati tulipanda hadi ziwa la Kicho Tal, takriban mita 4,600, tukarudi jioni.

Jioni hiyohiyo tulikwenda kusikiliza darasa katika zahanati ya Himalayan Rescue Association, ambako wakati wa msimu madaktari wa kujitolea hufundisha wasafiri juu ya maradhi ya mwinuko. Nililipenda darasa lile kwa sababu lilieleza mambo kuanzia mzizi. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile asilimia 21 pwani na kileleni, lakini kadiri unavyopanda mgandamizo wa hewa hupungua, na kwenye mita 5,416 za Thorong La ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kila pumzi huleta karibu nusu ya ulichozoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, figo nazo hurekebisha kemia ya damu, na ndiyo maana anayezoea vizuri hukojoa sana usiku. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na haiharakishwi na nguvu za miguu wala ujana. Anayeitangulia huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika, na akiendelea kupanda mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, naye akafa katika muda wa saa chache. Daktari alitaja kanuni tatu: zijue dalili, usipande kulala juu zaidi ukiwa nazo, na zikizidi shuka mara moja, hata kama ni usiku. Nikaziandika zote kwenye daftari langu.

Siku ya sita tulilala Yak Kharka, mita 4,050 hivi. Usiku nilisikia pumzi zangu zikipanda, zikikatika kwa kitambo, kisha zikirudi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nilipoamka kichwa kiligonga nyuma ya macho. Dai alikuja na birika. "Kichwa?" Nikamjibu, "Salama, Dai." Rafiki yangu, tuliyepanga naye safari kwa miaka miwili, alinitazama lakini akanyamaza.

Kilichofuata kinaniuma zaidi. Tulipofika Thorong Phedi, chini kabisa ya mpando wa mwisho, kwenye mita 4,450 hivi, mimi ndiye niliyeshauri tusilale pale, bali twende moja kwa moja hadi Kambi ya Juu iliyo karibu mita 4,880, ili kesho yake tuwe mbele ya watu. Dai alisita. Aliniuliza tena juu ya kichwa, na mara ya pili nikamwambia ni kizima. Alikubali kwa kuliamini neno langu, na neno langu halikuwa la kuaminiwa. Kwa namna hiyo mahali petu pa kulala palipanda zaidi ya mita mia nane kwa siku moja, ilhali juu ya mita 3,000 hushauriwa isizidi mia tano.

Saa tatu usiku nilitapika wali wote wa dengu. Rafiki yangu ndiye aliyekwenda kumwamsha Dai. Alinimulika usoni kwa tochi, akanisimamisha ukumbini na kunitaka nitembee katika mstari mmoja wa ubao wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Nakumbuka ubao ule hadi leo: ulikuwa na fundo jeusi la mti katikati na msumari uliochomoza kidogo. Nilifika mwisho bila kuyumba, maana yake ubongo ulikuwa bado haujavimba kiasi cha kuvuruga mwendo. Nilidhani hiyo ni ruhusa ya kurudi kitandani. Dai tayari alikuwa anafunga begi langu. Tulishuka gizani mita mia nne na zaidi, yeye mbele akinionyesha kila jiwe, na hakuniuliza kwa nini nilidanganya.

Asubuhi kichwa kilikuwa chepesi, na nikaanza kuhesabu: tukiondoka mara moja tutakuwa tumepoteza saa chache tu. Dai alisema tutakaa siku nzima. Nilibishana naye kwa maneno ambayo sasa naona haya kuyakumbuka, nikamtajia ndege ya kuturudisha kutoka mji wa Jomsom na tarehe ya kurudi kazini, naye akasikiliza yote hadi mwisho, kisha akasema, "Bistarai," yaani polepole, akaniletea supu ya kitunguu saumu.

Katika siku ile niliyotaka kuikataa ndipo alipotusimulia habari za Oktoba 2014. Tarehe 14 mabaki ya kimbunga Hudhud, kilichotoka Ghuba ya Bengal, yalimwaga theluji nyingi ghafla juu ya milima hii katikati ya msimu wa safari, na zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo la Annapurna na Dhaulagiri, wakiwemo Wanepali waliokuwa kazini. Wengi walikuwa njiani kuvuka Thorong La. Dai alizungumza kwa sauti ya chini, akitazama nje dirishani, na hatukumuuliza aliwajua wangapi. Mbele yetu wapagazi walikuwa wakipandisha mizigo, wakisimama kila hatua thelathini na kuiegemeza mizigo juu ya fimbo fupi zenye kichwa kipana, wapumzike bila kuitua. Nilidhani nimesimamisha safari kwa ajili yangu, kumbe mpagazi wetu naye alikuwa ameshuka usiku ule na mzigo wangu kichwani. Nilikwenda kumwomba radhi. Alicheka kwa aibu, akanikaribisha chai.

Tuliondoka saa kumi alfajiri ya siku ya tisa. Watu huondoka mapema hivyo kwa sababu jua likishapanda upepo wa kipitoni huwa mkali mno. Dai alitufundisha kuweka chupa za maji kichwa chini, kwa kuwa barafu hutangulia kushika juu, na kizibo kikiwa chini maji hutoka bado. Taa zetu zilichora mstari mlimani, pumzi mbili kwa kila hatua. Thorong La humchosha mtu kwa kumpa vilele vya uongo. Kila mgongo wa kifusi unaonekana kuwa ndio wa mwisho, nawe ukiufikia unakuta mwingine nyuma yake. Saa tatu hivi nikaona rangi zikipepea, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, bendera za sala zilizorundikana juu ya lundo la mawe, na nyuma yake ardhi ikiporomoka kuelekea wilaya ya Mustang, kahawia tupu hadi upeo wa macho. Nilikaa chini nikalia, rafiki yangu akanishika bega. Hatukumaliza robo saa pale.

Mteremko hadi Muktinath ni wa mita 1,600, na magoti ndiyo yaliyoulipia. Pale Wahindu na Wabudha huabudu mahali pamoja, penye mifereji 108 ya maji baridi na mwali mdogo wa gesi unaotoka ardhini. Kesho yake tuliteremka Kagbeni, kando ya Kali Gandaki, mto ambao mbele zaidi hukata bonde lake kati ya Annapurna ya Kwanza na Dhaulagiri, vilele viwili vinavyozidi mita 8,000. Katika kokoto za mto ule hupatikana saligramu, mawe meusi yenye alama ya amonaiti, viumbe wa bahari ya kale wenye gamba lililojiviringa kama la konokono, tangu kabla Bara Hindi halijaisukuma Asia na kuunyanyua mchanga wa bahari hiyo hadi mawinguni. Wahindu huziheshimu kama alama ya mungu wao Vishnu. Niliokota moja, nikaitazama kwa muda, nikairudisha.

Asubuhi ya mwisho, kwenye mita 2,800 tu, Dai alikuja na birika kama kawaida. "Kichwa?" Nilitulia kidogo nikakisikiliza. "Kinagonga kidogo upande wa kushoto, Dai. Nadhani ni jua la jana." Akanimiminia chai, akavuta kiti, akakaa karibu yangu mpaka nilipoimaliza.