Muuaji usinifiche: nilivyosoma riwaya nne nikiwa kabinini

Kwa miaka mingi nilikuwa msomaji wa nusu kitabu. Ninafanya kazi kwenye kabini ya simu katika komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo: mwavuli mmoja, meza moja, kiti cha plastiki, simu tatu na daftari la hesabu. Mteja mmoja anataka unite (salio la simu) za faranga elfu moja, mwingine anatoa pesa alizotumiwa na mtoto wake aliyeko Kolwezi, wa tatu anabisha kwamba namba niliyoandika siyo aliyonitajia. Kati ya mteja na mteja kuna dakika tano, pengine ishirini, na humo ndimo nilimokuwa nikisomea. Riwaya za upelelezi zilivumilia maisha hayo. Zile za fantasia hazikuvumilia, kwa kuwa kila niliporudi kwenye ukurasa nilikuwa nimeshasahau ufalme upi unapigana na upi, na ni nani mwenye uwezo wa kugeuka mnyama. Nilizifunga kabla ya ukurasa wa themanini, kisha nikawa nawaambia watu kwamba ni hadithi za watoto, jambo ambalo nilijua si kweli.

Upelelezi niliuonjeshwa na mjomba wangu, dereva wa lori, aliyekuwa akirudi kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa na vitu vya kila aina. Safari moja alileta Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, na kuanzia hapo mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wakawa watu wa nyumbani. Kitu nilichokipenda kwake ni kwamba hana haraka. Anauliza jambo dogo, ananyamaza, na wewe msomaji unabaki na lile swali hata ukiitwa kupima unga jikoni. Ndipo nilipoelewa, ingawa nilichelewa sana kulitumia jambo hilo, kwamba swali moja lililo wazi linaweza kumngoja msomaji mezani, ilhali ufalme wenye wafalme saba hauwezi.

Mwaka jana dada yangu mkubwa, ambaye sisi wa hapa tunamwita yaya, alikuja kutoka Brussels kwa mazishi ya bibi yetu, akaniachia vitabu vinne vya Kifaransa alivyokuwa amevimaliza. Alisema neno moja tu: nisisome maelezo ya nyuma ya jalada kwanza. Niliyasoma kwanza. Vyote vinne vilikuwa na mapenzi ya watu wa jinsia moja, na vitatu kati yake vilikuwa fantasia, yaani aina ile ile iliyokuwa ikinishinda. Nilivivika karatasi ya kaki kama tulivyokuwa tukivika vitabu vya shule, maana mbele ya kabini yangu hupita wanakwaya wa parokia wakienda mazoezini. Nchini kwetu hakuna sheria inayoyataja mapenzi hayo kuwa kosa la jinai, lakini kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2006 kinazungumzia haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na mtaani watu hawangoji kifungu chochote ili waanze kunong'ona.

Nilianza na Maître des djinns cha P. Djèlí Clark, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2021 na kupata Nebula ya mwaka huo, tuzo ya riwaya za kisayansi na fantasia, kwa sababu yaya alinihakikishia kwamba ndani yake kuna maiti. Hadithi iko Cairo, mwaka 1912, katika dunia ambamo mtu aitwaye al-Jahiz alifungua njia kati ya ulimwengu wetu na wa majini, Misri ikawafukuza Waingereza kwa msaada wa majini hao, na serikali ikalazimika kuwa na wizara nzima ya kushughulikia mambo ya uchawi. Fatma, mpelelezi wa wizara hiyo, mwanamke kijana anayevaa suti za kizungu na kofia ya mviringo, anaitwa kwenye jumba ambamo wanachama wa chama cha siri wameteketezwa kwa moto huku nguo zao zikiwa nzima. Hilo la nguo ndilo lililonishika. Moto gani unaochagua nyama na kuacha kitambaa? Wateja walikuja na kuondoka, swali likabaki mezani.

Hata hivyo majina yalinipiga chenga, hivyo nikafungua daftari la hesabu kwa nyuma: upande wa kushoto majina, upande wa kulia maswali ambayo hayajajibiwa. Kila nilipoitwa na mteja niliandika swali nililokuwa nalo wakati huo, si ukurasa niliofikia. Njia hiyo ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, ingawa ilinitia hasarani jioni moja. Hesabu ilikataa kukaa sawa, nikahangaika saa nzima chini ya tochi, umeme ukiwa umekatika tangu adhuhuri, nikitafuta faranga 1,912 zilizopotea. Kumbe nilikuwa nimeuandika mwaka wa hadithi kwenye safu ya pesa zilizotolewa.

Wakati huo ndipo mama mmoja wa kwaya, mteja wangu wa miaka, aliponiuliza ninasoma nini. Nikamwambia ni kesi ya mauaji.

"Na muuaji ni nani?"

"Sijamjua bado, mama."

Siku ya pili aliuliza tena, na ya tatu, mpaka nikawa ninamsimulia kwa vipande, kila kipande kwa unite za faranga mia tano. Nilipofika kwa Siti, mpenzi wa Fatma, nikasema "rafiki yake." Mama akanitazama juu ya miwani.

"Rafiki, au mchumba?"

Nikajifanya ninahesabu noti. Akangoja nimalize kuhesabu, kisha akasema, "Hayo mengine uyaruke, mwanangu, lakini muuaji usinifiche."

Niliyaruka. Baada ya juma moja ni yeye aliyeyarudisha, kwa kuuliza kama yule Siti bado anamficha mwenzake jambo. Kweli Siti ana siri, na kwa maoni yangu uzuri wa mapenzi hayo katika riwaya ya Clark uko hapo: wawili hao wameshapendana kabla kesi haijaiva, hakuna anayetoa hotuba ya kuwatetea, na ugomvi wao ni wa watu wanaoaminiana nusu nusu, kama ugomvi wa nyumba yoyote. Nina lawama moja tu kwa kitabu hicho. Muuaji nilimhisi mapema mno, na Bwana Msa angemkamata kabla ya chai ya saa kumi.

Kitabu cha pili, La maison au milieu de la mer céruléenne cha TJ Klune, kilichotoka mwaka 2020, nilikimaliza kwa siku nne na sijui kama ninapaswa kujisifu. Linus Baker, karani wa miaka arobaini anayetembea na kitabu cha kanuni, anatumwa kisiwani kukagua nyumba ya watoto sita wa ajabu, mmoja wao akiwa mtoto wa shetani mwenyewe, na huko anampenda polepole Arthur, msimamizi wa nyumba. Hapana maiti, ila kuna swali: Arthur ni nani hasa? Karani yule nilimpenda, kwa maana kila mtu aliyewahi kungoja muhuri ofisini anamjua. Lakini utamu wake umezidi, kama chai iliyotiwa vijiko sita vya sukari, na kwa mtu anayepita kila siku karibu na watoto wanaolala nje mjini, ilikuwa vigumu kuamini kwamba moyo mwema wa karani mmoja unatosha. Mwandishi mwenyewe aliwahi kusema kwamba wazo lilimjia baada ya kusoma jinsi watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada walivyochukuliwa kutoka kwa familia zao, na wako waliomlaumu kwa kufanya jambo hilo kuwa hadithi ya faraja. Ninaona lawama hiyo ina uzito.

Cha tatu kiliivunja kanuni yangu yote. Sous les branches de l'udala cha Chinelo Okparanta, cha mwaka 2015, hakina jini wala mpelelezi: ni Ijeoma, msichana wa wakati wa vita vya Biafra huko Nigeria, anayempenda Amina, yatima Mhausa, na mama yake anayejaribu kumrekebisha kwa masomo ya Biblia, jioni baada ya jioni. Sikuandika swali hata moja kwenye daftari. Masomo yale niliyajua. Sura zile zile tulisomewa sisi, kwa sauti ile ile. Mwishoni mwandishi anataja sheria ya Nigeria ya mwaka 2014 dhidi ya ndoa za jinsia moja, nami nikafunga kitabu nikakaa kimya mpaka mteja aligonga meza. Mama wa kwaya alipouliza habari, nilimwambia ninapumzika kidogo kusoma. Huo ulikuwa uongo, na sikuwa na ujasiri wa kusema kingine.

Sasa niko kwenye cha nne, kilichonishinda mara mbili: Léopard noir, loup rouge cha Marlon James wa Jamaika, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2019, kurasa zaidi ya 600, damu nyingi kupita ninavyopenda. Mtu mwenye pua inayoweza kufuata harufu ya yeyote anatumwa kumtafuta mtoto aliyepotea, na njiani, katika mji wa Kongor, anakutana na Mossi, askari atakayempenda baada ya matusi mengi. Safari hii daftari limejaa kurasa kumi na moja. Tatizo langu la kwanza lilikuwa kwamba sentensi ya kwanza kabisa inatangaza kuwa mtoto amekwisha kufa. Nilimwambia mama wa kwaya hivyo, naye akakasirika kwa niaba yangu.

"Kama amekufa tangu mwanzo, kurasa zote hizo za nini?"

Ilinichukua siku mbili kupata jibu. Yule mwenye pua ndiye msimulizi; amefungwa, anamhadithia anayemhoji. Swali si nani alimuua mtoto, bali ni wapi anapodanganya. Nilipoandika hivyo upande wa kulia wa daftari, kitabu kikaanza kusomeka. Na penzi lake na Mossi ndilo pekee ninaloamini analisimulia bila kulipamba, kwa kuwa analitaja kwa aibu.

Mama alisikiliza, akalipa, akaenda mazoezini. Jumamosi alirudi na kitambaa cha kwaya begani, akainama chini ya mwavuli.

"Yule mwongo amefika wapi?"

Nilikuwa ukurasa wa 412.