Swali la 74

Kipande chenyewe cha kamba hakizidi urefu wa kidole cha kati. Kilikaa ndani ya kopo la tumbaku, nyuzi zimeachia pande zote mbili, na Mzee alinikataza kukishika nikiwa nimepaka losheni. Mei 1890, sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ilipofika Richmond, Virginia, kutoka Ufaransa ikiwa imefungwa vipande vipande, wakazi waliyafunga kamba magari yaliyoibeba, wakayakokota wenyewe hadi kiwanjani, maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo. Kazi ilipokwisha kamba ilikatwakatwa na watu wakaondoka na vipande vya ukumbusho. Babu yake Mzee alikuwa mtoto siku hiyo.

Mimi nilikuwa nabeba boksi, kama tunavyosema Watanzania tulio nje, ila boksi langu lilikuwa binadamu: nilimtunza Mzee usiku, nyumbani kwake, karibu na Monument Avenue, barabara ya Richmond yenye sanamu ya Lee na za wakubwa wengine wa Kusini. Mjane, mwanasheria mstaafu wa mambo ya ardhi, miguu imegoma lakini kichwa kizima. Mbele yake nilimwita Mista na jina lake la kwanza, kama watu wa Kusini wanavyowaita wakubwa zao. Hapa atabaki kuwa Mzee. Asubuhi nilimpikia grits, yaani uji wa mahindi wenye siagi, na hakuacha kushangaa kwamba mtu wa Tanga aliujua bila kufundishwa.

Jumatano, 8 Septemba 2021, zamu yangu ilikuwa iishe saa moja asubuhi. Mwenzangu wa mchana, mama mmoja wa Kisumu, akanipigia simu. "Dada, wamefunga barabara zote, nitachelewa. Unanisamehe?" Nikamwambia asijali. Alijua sababu na mimi niliijua: siku hiyo sanamu ya Lee ilikuwa inashushwa. Mwanawe alikuwa amesoma shule ya msingi ambayo mwaka 2018 ilivuliwa jina la Jenerali J.E.B. Stuart, naye wa Kusini, ikapewa la Barack Obama, na mama huyu alilisimulia jambo hilo kama vile yeye ndiye aliyepiga kura.

Mwaka uliotangulia, baada ya polisi kumuua George Floyd kule Minneapolis, barabara ile iligeuka kabisa. Sanamu ya Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, iliangushwa na waandamanaji usiku wa 10 Juni 2020. Ya Stonewall Jackson, jenerali mwingine wa Kusini, iliondolewa na mji wenyewe 1 Julai, na wengine wakafuata. Lee alibaki kwa sababu hakuwa mali ya mji, alikuwa wa jimbo la Virginia. Gavana Ralph Northam alishatangaza kwamba ataondoka, kesi zikafunguliwa, na mwaka mzima ukapita farasi yuko juu, msingi wake wa mawe umejaa maandishi ya rangi mpaka pale mkono wa mtu ulipoweza kufika.

Mzee alizifuata kesi zile neno kwa neno, maana hoja ilikuwa ya fani yake: hati ya 1890, ambamo jimbo liliahidi kuilinda sanamu kwa uaminifu na kuihifadhi kwa upendo, daima. "Hati ni hati," alikuwa akisema. Mahakama ya Juu ya Virginia ilijibu tarehe 2 Septemba kwamba ahadi ya namna hiyo haiwezi kuifunga serikali milele iendelee kusema kitu isichokiamini tena. Mzee aliisoma hukumu mwanzo hadi mwisho, akavua miwani, akasema imeandikwa vizuri. Hapo nilimheshimu. Mimi nimeona watu wakishindwa kesi ya mpaka wa shamba wakaugua mwaka mzima.

Basi tukakaa mbele ya televisheni, yeye kitini na bakuli lake mapajani. Kamera ilionyesha wafanyakazi wakiifunga mikanda sanamu yenye uzito wa tani 12 hivi. Mkandarasi alikuwa Mweusi, Devon Henry. Mwaka 1890 John Mitchell, mhariri Mweusi wa gazeti la Richmond Planet, aliandika kwamba mtu Mweusi ndiye aliyeisimamisha sanamu ya Lee, na wakati ukifika atakuwapo kuishusha. Nilimwambia Mzee. "Namjua Mitchell," akajibu bila kugeuka. "Alikuwa na kalamu kali."

Ilikuwa kabla kidogo ya saa tatu. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa juu akainua mikono, akahesabu tatu, mbili, moja. Kelele za watu tulizisikia mara mbili: kwanza dirishani, halafu kwenye televisheni, kwa kuwa matangazo yalikuja nyuma kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kabla hatujaona chochote, tulishajua. Mzee alishusha kijiko. Kwenye skrini farasi akaachana na jiwe, akaning'inia, akazunguka taratibu.

"Lee mwenyewe hakutaka masanamu," nikasema. Nilikuwa nimesoma barua yake ya 1869, alipoalikwa Gettysburg, palipopiganwa vita vikali, kusaidia kuweka alama za ukumbusho akakataa, akisema ni busara zaidi kutoviacha wazi vidonda vya vita.

"Hakutaka. Lakini miaka 20 baadaye alikuwa marehemu, na marehemu haulizwi."

Baadaye walimkata kiunoni kwa msumeno, kiwiliwili mbali na farasi, ili lori lipite chini ya madaraja. Hapo Mzee akaniomba nizime. Akadai kadi zangu.

Kadi zilikuwa za mtihani wa uraia. Wakati huo maswali yalikuwa 100, ofisa alikuuliza yasiyozidi 10, ukipata 6 umepita. Mzee alinisomesha kila alfajiri, kwa ukali wa mwalimu wa zamani, na kadi tuliyogombana nayo ilikuwa ya 74: taja tatizo moja lililosababisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Nyuma yake kulikuwa na majibu matatu, lolote lilikubaliwa: utumwa, sababu za kiuchumi, haki za majimbo. Serikali inayogawa uraia ilikuwa imeamua kutogombana na mtu.

"Utumwa," nikasema, kama kawaida.

"Kadi ina majibu matatu," akasema, kama kawaida.

La uchumi sikuwa na tatizo nalo, ingawa uchumi wenyewe ulikuwa pamba, na pamba ililimwa na watumwa, ambao hesabu ya 1860 iliwakuta karibu milioni 4. Hata Unguja pamba ile ilifika: marikani iliyovaliwa pwani na bara ilitoka viwanda vya Massachusetts, vita vilipoanza ikaadimika na wafanyabiashara wakageukia vitambaa vya Uingereza na India. Nililokuwa nalitafutia dawa ni lile la tatu. Usiku ule, yeye akiwa amelala, nilikuwa nimesoma kwenye simu tamko la South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, la Desemba 1860.

"Mzee, lisome hili kama ungeletewa ofisini. Mlalamikaji analalamikia nini?"

Akachukua simu, akakuza maandishi kwa vidole viwili, akasogea dirishani penye mwanga. Tamko linayataja majimbo ya Kaskazini moja moja, Maine, Vermont, Massachusetts na mengine, na kosa lao ni kutunga sheria zao wenyewe za kukwamisha kurudishwa kwa watumwa waliotoroka. New York inalaumiwa kwa kumnyima bwana ruhusa hata ya kupita tu na mtumwa wake.

"Sasa hizo nazo si haki za majimbo?" nikauliza. "New York ilitumia ya kwake. South Carolina ikakasirika, ikataka serikali kuu iilazimishe."

Hakujibu upesi. Nikamsomea na la Mississippi, lisilozunguka kabisa: msimamo wetu umefungamana moja kwa moja na utumwa, maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani.

"Baba wa babu yangu hakumiliki mtumwa hata mmoja," akasema.

"Sikusema alimiliki. Nasema waliompeleka vitani waliandika kwa nini wanampeleka, wakatia saini."

Alinirudishia simu. Akaniambia kwamba alipokuwa shule hakuwahi kuonyeshwa karatasi ile, ila walikariri majina ya majenerali na farasi wao. Niliamini. Umoja wa mabinti wa wapiganaji wa Kusini, ulioanzishwa 1894, haukuishia kwenye masanamu. Ulikagua pia vitabu vya shule, na kitabu kilichosema Kusini ilipigania utumwa kilipigwa vita kisifike darasani. Kwangu mimi hilo lilikuwa baya kuliko farasi. Sanamu unaweza kuipita ukiwa na haraka zako. Kitabu cha shule unakikariri ukiwa na miaka tisa, halafu unazeeka nacho.

Sikumwambia hivyo. Bakuli lilikuwa limepoa, nikalichukua nikampashie moto, na nikiwa jikoni nikamsikia anazichanganua kadi.

"Sabini na tano," akaita. "Taja jambo moja muhimu alilofanya Abraham Lincoln."

"Aliwaweka huru watumwa."

"Wa majimbo yaliyoasi tu," akanisahihisha. "Tangazo lake la 1863 halikuigusa Kentucky. Kentucky walisubiri mpaka katiba irekebishwe, Desemba 1865."

Na hapo alikuwa sahihi.