Filta za AC na hita: za kuosha au za kutupa, mi nachagua hivi

Watu wengi wakiuliza kuhusu filta za AC na hita za nyumbani wanauliza hela tu, ipi inakuja nafuu, ile ya kuosha unayonunua mara moja ukakaa nayo miaka, au ile ya kutupa ambayo kila baada ya miezi kadhaa unaenda kununua nyingine. Swali la hela lina maana lakini naona linaulizwa mapema mno. Jiulize kwanza hiyo filta unataka imlinde nani, mashine au mapafu? Kwa sababu filta inayotosha kwa mashine inaweza isikusaidie kitu wewe unayepumua, na hapo ndipo watu wananunua vizuri kabisa halafu mtoto mwenye pumu anaendelea kukohoa vilevile.

Kazi ya kwanza ya filta, ile iliyofanya ikawekwa pale, ni mashine. Ndani kuna feni inayovuta hewa ya nyumba, na kuna koili, bomba jembamba lililozungushwa na lililovikwa vibati vya alumini vilivyobanana kama meno ya kitana. AC ikiwa inapoza ile koili inatoka jasho, vumbi likifika pale linashikana na maji linakuwa tope, tope likikauka linaziba, na kulitoa hapo ni kazi ya fundi maana vile vibati vinapinda hata kwa kidole. Sasa kuzuia vumbi la namna hiyo, nywele, nyuzi za nguo, manyoya ya paka, huhitaji filta ya ajabu, hata wavu unafanya kazi nzuri tu.

Mapafu ni habari nyingine kabisa. Vitu vinavyosumbua kifua ni vidogo mno, moshi kwa mfano chembe zake nyingi hazifiki hata mikromita moja, na ukigawa milimita moja vipande elfu kimoja ndio mikromita. Unywele wa mtu ni kama mikromita 70 hivi. Kwa hiyo yale manyoya unayoyaona yamekwama kwenye filta unasema "aah inafanya kazi", ni kweli inafanya kazi, ila yale yasiyoonekana huenda yamepita zamani.

Ndio maana kwenye boksi la filta angalia namba inayoitwa MERV kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Hiki ni kipimo cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya joto na ubaridi cha Marekani, kiko kwenye kiwango chao namba 52.2, kinaanzia 1 mpaka 16 na namba ikipanda maana yake filta inakamata chembe ndogo zaidi. MERV 8 inatakiwa ikamate angalau asilimia 70 ya chembe za mikromita 3 mpaka 10, na asilimia 20 ya zile za 1 mpaka 3, zile za chini ya hapo haidaiwi kitu. MERV 13 inatakiwa ikamate angalau asilimia 50 ya zile ndogo kabisa za 0.3 mpaka 1, asilimia 85 ya zile za katikati na 90 ya zile kubwa. Ona hiyo tofauti! Ukikuta filta ya upande wa Ulaya utaona imeandikwa kwa kiwango cha ISO 16890 cha mwaka 2016, ePM1, ePM2.5, ePM10, na hapo kusoma ni rahisi zaidi kwa sababu inakutajia ukubwa wa chembe na asilimia yake.

Sasa nyingi za kuosha ziko huku chini, MERV 1 mpaka 4, zipo chache zinazosema zinafika 8. Za kutupa nazo sio zote ni bora, zile nyembamba za nyuzi za kioo ambazo ukiziangalia unaona upande wa pili nazo ziko hukohuko chini, hizo mi sioni sababu ya kuzinunua labda kama fundi amekwambia mashine yako haiwezi zaidi ya hapo. Zenye nguvu ni zile za kutupa zenye mikunjo, MERV 8 mpaka 13. Mikunjo inaongeza eneo la kukamatia, halafu nyuzi zake mara nyingi zimewekewa chaji ya umeme kiwandani, chembe ikipita karibu inavutwa. Ndio maana hizi usijaribu kuziosha ili uokoe hela, maji na sabuni yanaiua ile chaji, mikunjo inalala, fremu ya kadibodi inalegea, unarudisha kitu chenye sura ya filta tu.

Mtu atasema basi si ninunue MERV 13 yaishe. Subiri. Filta ikiwa nzito hewa inapita kwa shida, na feni ya nyumbani ina kiwango chake cha kuvuta. Hewa ikipungua wakati wa kupoza, koili inakuwa baridi kupita kiasi mpaka inaganda barafu, unakuta AC inanguruma lakini hewa inayotoka haina nguvu, halafu ukiizima maji yanaanza kumwagika. Wakati wa kupasha joto, hita inapata moto kuliko inavyotakiwa, swichi yake ya usalama inaikata, inapoa, inawaka, inakata tena. Soma kitabu cha mashine kinasema mwisho ni MERV ngapi, na kama nafasi ya filta inaruhusu ile nene ya inchi 4 ichukue hiyo badala ya inchi 1, kwa sababu mikunjo yake ni mirefu, eneo ni kubwa, hewa inapita kirahisi na inakaa miezi 6 mpaka 12 wakati ya inchi moja unaibadilisha kila mwezi mpaka miezi mitatu. Dalili za filta inayoibana feni unazipata mwenyewe bila kipimo, pale hewa inapoingilia panapiga mluzi, au ukiitoa filta unakuta imepinda kwa ndani.

Tena ya kuosha nayo ikichafuka inabana vilevile, hili watu wanalisahau kwa sababu ina wavu wanadhani hewa itapita tu. Na feni za kisasa zikibanwa zinajiongeza nguvu zenyewe ili hewa itoke ileile, wewe humo ndani husikii tofauti, bili ya umeme ndio inasikia. Kwa hiyo yule anayechagua ya kuosha kwa ajili ya mazingira, na ni sababu nzuri, mi naiheshimu sana maana zile za kutupa ni plastiki na kadibodi zilizoshikamana na uchafu hakuna anayezirejeleza, ajue faida ile inakuwepo pale tu anapoiosha kwa wakati.

Na kuosha kwenyewe kuna namna yake. Zima mashine kwanza. Kabla hujaitoa angalia mshale kwenye fremu unaelekea wapi, ndio upande hewa inakokwenda. Ukishaitoa ipeleke nje uigongegonge taratibu au uipitishie mashine ya kunyonya vumbi, kwa sababu vumbi kavu likilowa linakuwa uji na linazama kwenye nyuzi. Halafu maji yapitie upande ule msafi, uchafu utoke kwa njia uliyoingilia, ukipiga maji upande mchafu unausukuma ndani. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo kama kuna mafuta, brashi ngumu usitumie na presha kubwa usitumie. Yale maji ya mwanzo yanatoka ya kijivu kama majivu, endelea mpaka yatoke meupe. Kisha inyanyue uielekeze kwenye mwanga, pale palipobaki uchafu utapaona peusi, rudia hapo.

Ila panapoharibu mambo ni kukausha. Filta mbichi ukiirudisha umetengeneza shamba la kuvu na feni inakupulizia nyumba nzima. Isimamishe kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, hata kwenye kona za fremu, mara nyingi ni siku nzima. Na siku hiyo usiwashe mashine bila filta eti ni masaa machache tu, koili haijui kuhesabu masaa. Kwa hiyo anayetaka za kuosha anunue mbili, moja iko kazini nyingine inakauka. Asiyetaka kununua mbili, au anayejijua kwamba kuosha kila mwezi hataweza, bora achukue za kutupa kwa amani kabisa.

Kitu kingine ambacho mi nakipa uzito kuliko watu wengi ni saizi. Unaweza kununua MERV 13 safi kabisa ukaiweka na pembeni kukabaki upenyo wa kidole, hewa ni mvivu, itapita kwenye upenyo na kuiacha filta yako imekaa. Namba kwenye boksi mara nyingi ni ya kukadiria, imeandikwa inchi 16x25x1 lakini ukiipima kwa rula urefu na upana vinapungua robo mpaka nusu inchi hivi, kwa hiyo soma pia saizi halisi iliyoandikwa kwa maandishi madogo. Za kuosha zinapokaa miaka fremu inalegea na wavu unalala katikati, na upenyo unaanza hapohapo.

Wenye AC za ukutani, zile za split, nyie hamna cha kuchagua sana, zimekuja na wavu wa kuosha na ndio unaotakiwa. Uosheni kila wiki mbili mpaka mwezi kulingana na vumbi la kwenu, na msije mkakata kipande cha filta nzito mkabandika juu yake, ile feni ni ndogo itashindwa.

Nyumba yenye mtu wa pumu au aleji, na mashine ya kati, ile moja inayopeleka hewa nyumba nzima, inaruhusu, mi naweka ya kutupa yenye mikunjo, MERV 11 au 13, bila kusita. Kama mashine hairuhusu, au ni split, basi acha ya kuosha ilinde mashine, halafu hela unayookoa nunua kisafishaji hewa cha pekee chenye filta ya HEPA ukiweke chumba anacholala mgonjwa. HEPA inakamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na kile kisafishaji feni yake imetengenezwa kwa ajili hiyo, usiitoe HEPA ukaenda kuibana kwenye mashine ya nyumba. Chagua kinachotosha ukubwa wa chumba, mlango ufungwe, kiwake usiku kucha. Hizo HEPA zake nyingi nazo ni za kutupa, haziguswi na maji, isipokuwa ile wavu ya mbele ambayo unaipangusa vumbi siku ileile unayoosha filta ya AC.