Siku moja maishani mwangu: mpokezi kati ya chumba cha mgongo na chumba cha Reiki

Saa kumi na moja alfajiri

Kayole, Nairobi, bado giza. Napika uji wa watoto, naanua taulo nilizofua jana jioni na kuzikunja ndogo ndogo, zile za kuwekwa chini ya vifundo vya miguu mtu anapolala kifudifudi. Za kliniki zinafuliwa hukohuko, lakini hizi nazifua mwenyewe kwa mkono. Mtu anayeumwa hutambua mapema kama kitambaa kinachomgusa kimetunzwa.

Kwenye matatu ya mjini nimekaa kiti cha nyuma, juu ya gurudumu. Kila tuta linaingia kiunoni. Mbele yangu kuna kijana wa mjengo amejikunja, kofia ngumu magotini, analala huku kichwa kinagonga dirisha. Miaka sita ya kazi hii imenifundisha kuwatazama watu hivi: huyu bega limepanda, yule anakalia upande mmoja. Nashuka mjini, natembea hadi kituo cha Kencom, napanda matatu namba 46 mpaka Kilimani, iliko kliniki yetu.

Saa mbili asubuhi

Tuna vyumba viwili. Cha kushoto ni cha mtaalamu wa osteopathia, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, mwanaume wa makamo aliyesomea Uingereza. Cha kulia ni cha dada anayefanya Reiki, njia ya Kijapani ya kumtuliza mtu kwa kumwekea mikono. Natandika karatasi mpya juu ya meza za tiba, zile zenye tundu la kuwekea uso, nafungua madirisha, kisha simu inaanza.

Maswali karibu ni yaleyale. Nivae nini? Suruali laini na fulana, na ukiombwa kuvua shati una haki ya kuuliza kwa nini, au kukataa. Itauma? Huenda ukahisi maumivu kidogo, kama ya mtu aliyelima, siku moja au mbili baadaye. Naweza kuja na mtu? Ndiyo, na kama wewe ni mama na hutaki kubaki peke yako chumbani na mwanaume, mimi nitaingia nikae nawe. Hilo nalisema hata nisipoulizwa.

Wengi humwita mtaalamu wetu "daktari wa mifupa". Nawarekebisha kila mara, kwa sababu yeye mwenyewe ameniomba. Daktari wa mifupa wa hospitali hupasua na kufunga plasta. Osteopathia ni kazi ya mikono. Aliyeianzisha ni Andrew Taylor Still, Mmarekani, mwaka 1874, na chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Huko Marekani waliosomea njia hiyo leo ni madaktari kamili wanaoandika dawa na kufanya upasuaji. Huko Uingereza ni kazi inayojitegemea, inalindwa na sheria ya 1993, na mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia amesomea osteopathia, muulize alisomea wapi na nani amemsajili. Hapa Kenya wataalamu wa fiziotherapia nao wana baraza lao, kwa sheria ya 2014, na wanatibu maumivu mengi yaleyale. Kumwendea mtaalamu wa fiziotherapia kwanza ni jambo la busara, nami huwaambia watu hivyo ingawa mshahara wangu unatoka hapa.

Saa tatu na nusu

Mama mboga kutoka Kawangware. Huwa sokoni Marikiti saa tisa usiku kuchukua sukuma na viazi, na wiki tatu sasa kiuno kimemkamata. Ananishika mkono mlangoni. "Twende na wewe, binti yangu." Naingia.

Nusu saa nzima hakuna mkono uliomgusa. Hili huwashangaza wengi, na mimi naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote yanayotendeka mle ndani. Anaulizwa maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au la, usiku yanamwamsha au la, amepungua uzito, ana homa, mkojo unatoka kawaida, anahisi ganzi sehemu anazokalia. Amewahi kuugua saratani? Anatumia dawa gani? Kisha anaambiwa asimame, ainame, ajigeuze. Goti linagongwa kwa kinyundo kidogo cha mpira.

Ndipo anapanda mezani. Mtaalamu anasugua viganja kwanza vipate joto, kwa sababu mkono baridi hukaza msuli. Vidole gumba vinatembea pembeni mwa uti wa mgongo, polepole, kama mtu anayetafuta njegere mbovu ndani ya ganda. Mahali pamoja vinasimama. Mama anavuta pumzi. "Hapo," anasema, na mkono hauongezi nguvu, unasubiri tu. Naona mgongo wake unalegea taratibu hadi leso aliyojifunga inateleza, nami naivuta nimfunike.

Baadaye analazwa ubavu, anaelezwa litakalofanyika, anaulizwa kama anakubali. Anaitikia kwa kichwa. Msukumo mmoja mfupi, na kiuno kinaalika kama vidole.

"Mfupa umerudi, daktari?"

"Mama, mfupa haukuwa umetoka. Ule mlio ni hewa ndani ya majimaji ya kiungo."

Nampenda kwa jibu hilo. Kuna wakandaji wengi mjini ambao wangesema ndiyo, umerudi, njoo tena wiki ijayo nikurudishe mwingine. Yeye amempa zoezi mbili, akamwonyesha jinsi ya kubeba gunia karibu na kifua, akamwambia pia ukweli ambao hauleti pesa: maumivu mengi ya kiuno ya aina hii hupungua yenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembea. Matibabu ya mikono husaidia kiasi. Wakionana mara tatu au nne bila nafuu, atatafutiwa njia nyingine.

Saa tano

Simu ya kijana anayetaka "kuvunjwa shingo" kama alivyoona kwenye video. Namwambia hapa shingo haisukumwi kwa kasi hivihivi. Ni nadra, lakini mshipa wa damu shingoni unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Amekata simu.

Saa saba mchana

Chapati na ndengu, kwenye sufuria moja, mimi na dada wa Reiki. Yeye haogopi kuulizwa. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Mteja hulala na nguo zake zote, mikono huwekwa juu ya mwili au karibu nao, na saa nzima hakuna kukandwa wala kusukumwa. Wengine huhisi joto, wengine husinzia, wengine hulia. Nimeshaona mwanaume mzima akitoka amevimba macho, akaniomba maji, akaketi kimya hadi akawa tayari kwenda nyumbani.

Ndiye aliyenisimulia kuhusu Emily Rosa, msichana Mmarekani ambaye, akiwa na miaka tisa, aliwapima watu 21 waliosema wanahisi nishati ya mwili kwa viganja. Waliingiza mikono kwenye matundu ya kizuizi wasimwone, naye akaweka mkono wake karibu na mkono wao mmoja, bila kuugusa, wataje ni upi. Walipatia asilimia 44 tu, chini ya kubahatisha. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani mwaka 1998. "Wale hawakuwa watu wa Reiki," aliniambia, "lakini jambo linanihusu. Siwezi kumwambia mtu ninapima nishati yake. Naweza kumwambia atapumzika." Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mezani kama Reiki inaponya ugonjwa, najibu haiponyi. Inatuliza, na kutulia kuna thamani yake.

Saa nane mteja wake anauliza, akivaa viatu, kama sasa anaweza kuacha dawa za sukari. Tunajibu kwa pamoja, mimi kutoka mezani na yeye kutoka mlangoni: hapana.

Saa tisa na nusu

Baba wa miaka hamsini hivi, koti limempwaya. Ametoka Kitengela, nauli ameazima. Maumivu ya katikati ya mgongo, miezi minne. Ameshakandwa na watu wawili. Mlango wa kushoto umefungwa dakika kumi na tano tu, kisha wote wawili wametoka, na mtaalamu ameshika barua ya kumpeleka hospitali.

Jasho usiku. Homa za jioni. Kilo zimeshuka. Hakumgusa mgongo isipokuwa kugonga kidogo kwa ncha ya kidole.

"Nimetoka mbali," baba anasema. "Hata kunikanda kidogo tu?"

Hapa sikuweza kunyamaza. Nilimwomba aketi. Baba yangu mzazi alikandwa miezi saba kwa mafuta moto na mtu tuliyemwamini, na kila wiki tuliambiwa pingili moja inakaribia kukaa sawa. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Tulipofika hospitali alikuwa ameanza kuburuta mguu wa kushoto. Dawa zilimponya TB, mguu haukurudi ulivyokuwa. Nilimwambia hayo yote, kwa sauti ya chini, na nikamwambia kwamba kukandwa leo si kidogo.

Amekunja barua mara nne, akaitia mfuko wa ndani. Hatukumtoza. Nimempa nauli ya kufika hospitali ya serikali iliyo karibu, na namba ya simu ya mezani pangu.

Saa kumi na mbili jioni

Nimeondoa karatasi mezani, nimepangusa tundu la uso kwa spiriti, nimeandika watu wa kesho. Mama mboga atarudi baada ya wiki.

Nikiwa Kencom kwenye foleni ya matatu, ujumbe unaingia. "Wamenipiga picha. Wamesema nirudi kesho asubuhi na mtu wa nyumbani." Namjibu aende na mkewe, abebe dawa zote alizowahi kutumia, na asipande boda boda.