Nilivyomkomesha fisi kwa mbwa aliyelelewa zizini

Huku Mkwaja, Pangani, tunapakana na Hifadhi ya Saadani. Kwa miezi mitano fisi alinichukulia mbuzi tisa, wawili wakiwa na mimba. Zizi la miiba halikumzuia. Mbwa nilikuwa nao, ila walilala mlangoni kwangu. Wanapobweka, fisi keshaondoka.

Namibia, tangu 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, waliokulia katikati ya mifugo ili wailinde. Hao siwawezi kwa bei. Nikachukua mtoto wa mbwa wetu wa kienyeji, wiki nane, nikamweka zizini moja kwa moja. Usiku wa kwanza alilia mno. Mke wangu akaniambia, "Baba Rehema, mwache azoee." Alfajiri nilimkuta amejikunja ubavuni mwa mbuzi mzee, manyoya yote yananuka beberu. Nilifurahi sana.

Ugali wake na dagaa alikula humohumo zizini. Alipofika miezi sita akaanza kukimbiza vitoto vya mbuzi. Sikumpiga, nilimning'inizia kijiti shingoni, kila akikimbia kinamgonga miguu. Mwezi mmoja tu, akaacha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata akiwa na miezi mitatu, na dawa ya minyoo hapati kwa kubahatisha. Matumbo mabichi simpi kamwe, kwani minyoo huzunguka kati ya mbwa na mbuzi, na mingine humfikia mtu.

Siku hizi fisi akilia, mbwa huyu anasimama kati ya sauti ile na zizi, akibweka bila kusogea. Tangu masika sijapoteza hata mbuzi mmoja.