Mkia wa tetemeko: nilivyoupima nikiwa Arusha

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi hapa Arusha: viwanja vya Olasiti, mashamba ya Usa River, na ugomvi wa mipaka usiokwisha. Sisi tunakula kwa kuamini kwamba bikoni, alama ya mpaka, iliyofukiwa jana itakuwepo palepale kesho. Kwa hiyo niliposikia kuna alama Japani iliyohama zaidi ya mita tano kwa dakika chache, nilitaka kuziona namba zenyewe.

Zinapatikana bure. Maabara ya jiodesia (elimu ya kupima umbo na mwendo wa dunia) ya Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani, hutoa faili la kila kituo cha GPS: mstari mmoja kwa siku, wenye safu za mashariki, kaskazini na juu. Nilichukua kituo cha rasi ya Oshika, Miyagi, karibu na chanzo cha tetemeko la 11 Machi 2011. Faili ni dogo, bando halikuumia.

Kabla ya siku hiyo nukta zinakwenda magharibi polepole ukizilinganisha na bara, kwa sababu bamba la Pasifiki linazama chini ya Japani na kuisukuma ardhi iliyo juu yake. Kisha grafu inakatika: mita 5.3 upande wa mashariki na kusini kidogo, mita 1.2 chini. Wengi huishia hapo. Mimi nilivutwa na mkia. Nukta ziliendelea kwenda mashariki, mbio mwanzoni, kisha kwa mwendo unaopungua mwaka hadi mwaka.

Kuupima mkia huo nilitumia Excel ya kawaida. Kwanza nilipata mwendo wa miaka ya kabla ya tetemeko, nikautoa kwenye safu nzima. Bila miaka hiyo hujui ardhi ingekuwa wapi leo. Nikaongeza safu za sain na kosain za mwaka mmoja, maana vituo hupanda na kushuka na majira. Mwisho safu ya LN(1 + t/T), yaani logi, inayokua haraka mwanzoni kisha polepole, t ikiwa siku tangu tetemeko na T namba unayoijaribu hadi masalia, yaani tofauti kati ya nukta na hesabu yako, yawe madogo. LINEST, fomula ya Excel inayotafuta uzito wa kila safu, ikamaliza.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo akauliza, "Bosi, kwa nini logi? Mstari si unatosha?" Nikamwambia achore miezi sita ya mwanzo, halafu miezi sita ya mwaka wa tano, kwa kipimo kilekile. Hakurudia swali.

Logi peke yake lakini haitoshi kwa miaka mingi. Mwanzoni ni ufa wenyewe, pale bamba moja linapogusana na jingine, unaoendelea kuteleza kimyakimya. Chini zaidi, mwamba wa moto wa vazi la dunia, tabaka lililo chini ya ganda, unatiririka taratibu kwa miaka. Safu ya juu inaonyesha Oshika ikiinuka tena, hata gati za wavuvi zilizoinuliwa baada ya ardhi kushuka zikaja kuwa juu mno kwa boti.

Nchi kavu haitenganishi vizuri visababishi hivyo viwili. Jibu lilitoka sakafu ya bahari, ambako mawimbi ya GPS hayafiki: meli hujua mahali ilipo kwa GPS, kisha hupima kwa sauti umbali hadi vifaa vilivyolazwa sakafuni. Kimoja kilikuwa kimehama mita 24 wakati wa tetemeko. Baadaye baadhi ya vifaa hivyo vikaanza kurudi magharibi, huku Oshika ikiendelea mashariki. Mtelezo wa ufa peke yake haungeweza kufanya hivyo; lazima mwamba wa chini ulikuwa ukitiririka pia.